Alama ya Vema

Mimi ndiye niliyezichapa.
Karatasi elfu moja na mia mbili,
umeme ukikatika mara mbili, mashine ikinung'unika
katika fremu yangu nyuma ya soko la Majengo.
Kijana wa ofisi za Mtumba alikuja na flashi shingoni,
akasema: "Dada Nyemo, kile kisanduku cha *Ndiyo*
kipigie vema kabisa kabla hakijafika kwao.
Watu ni wavivu wa kalamu. Ukiwajazia, wanaacha."
Alisema kwa upole,
kama anayemkatia mgonjwa nyama.

Nikabofya mara moja. Vema.
Ikajizaa yenyewe, mara elfu moja na mia mbili,
ndipo nikasoma kichwa cha karatasi: Kata ya Handali.
Kwa mama.

Alizeti ilipouzwa, alipiga simu.
Mbukwenyi zikaisha, akashuka sauti:
"Elfu tatu kila gunia. Kinga ya ukame, wanasema.
Nani alinikubalia?"
"Ulinyamaza, mama. Ukinyamaza umekubali."
"Nilinyamaza kwa sababu mgeni alikuwa anasema."

Kujitoa kunawezekana, hilo limeandikwa, kwa herufi ndogo:
ghorofa ya tatu, Mtumba, Jumatatu hadi Jumatano,
pamoja na nakala ya kitambulisho.
Mlango wa kuingilia waliubeba mpaka uani kwake.
Wa kutokea wameuacha mjini,
nauli juu yako.

Akaniambia na mengine.
Kwamba simu yake ililia usiku:
*Majirani zako tisa kati ya kumi wana choo bora.*
Akahesabu: kwa Ndahani, kwa Mbeleje,
kwa yule fundi baiskeli, kwa mjane wa Chilongani…
nyumba sita, na moja imehamwa.
"Hao tisa," akauliza, "wanalala wapi?"

Kwamba shuleni wamechora nyayo za njano
kutoka chooni hadi kwenye kibuyu chirizi,
watoto wazifuate bila kuambiwa.
Wanazifuata. Wanaruka moja hadi nyingine wakicheka.
Nyayo zimefika.
Maji ndiyo hayajafika.

Na kwamba kijiji cha ng'ambo ya korongo
hakikuletewa karatasi, wala ujumbe, wala rangi.
Hicho ni cha kulinganishia.
Watu wanalima, wanazika, wanaoza binti zao,
hawajui kwamba wao ni jiwe la mizani.

Nisiseme uongo. Mwaka ule mvua ilikatika Januari,
mtama ukasimama kama vijiti vya kuchokonolea meno,
na fedha za kinga zikaja kweli. Mbeleje akalipwa,
mama akalipwa, akanunua mahindi ya Kibaigwa.
Alizihesabu mara mbili. Akasema:
"Fedha ni nzuri. Wangeniuliza, labda ningekubali.
Sasa sitajua kamwe
kama ningekubali."

Mwezi wa nne nikachapa ripoti.
Asilimia tisini na sita *wameridhia*.
Ukurasa wa saba: kasoro za fikra za mkulima.
Huona karibu. Hufuata mkumbo. Huogopa hasara
kuliko anavyopenda faida.
Nikapekua nitafute kasoro za fikra za aliyeandika.
Nilidhani wino umeisha.
Ukurasa haukuwepo.

Leo amerudi yule kijana. Karatasi elfu tatu, wilaya nyingine.
Nikamsogezea fomu ya kuagiza,
na pale penye *Nakubali bei iongezwe nusu*
nilikuwa nimekwisha kupiga vema.

Alivaa miwani.
Akasoma kila mstari, kidole kikitambaa,
akafika, akasimama, akaikata kwa kalamu nyekundu
bila kinyongo, akitabasamu hata.
"Umenikosea hapa, dada."

Tukatazamana.
Feni ilikuwa inazunguka.
Sikusema kitu, na yeye, nadhani,
akahesabu kwamba nimekubali.

Nikawasha mashine.
Kodi ya fremu ni tarehe tano.